Kijitabu cha Mama, Kadi ya Baba

Kabla sijaulizwa naumwa wapi, mama aliulizwa kadi ni ya nani.

Ilikuwa Novemba 1997. Mvua za El Niño zilikuwa zimegeuza barabara za Kayole kuwa uji, na mimi nilikuwa na miaka saba na kifua kinacholia kama filimbi. Saa nane usiku, jirani mwenye pikapu alitufikisha hospitali ya umma. Mama akapitisha chini ya kioo kijitabu changu cha kliniki, kile chenye mchoro wa uzito na orodha ya chanjo, alichokitunza ndani ya karatasi ya nailoni. Karani akakirudisha. "Hiki ni cha chanjo, mama. Nauliza kadi ya NHIF. Huyu akilazwa, nani analipa? Baba yake anafanya kazi wapi?"

Baba alifanya kazi kiwandani, Industrial Area. Kadi ilikuwa kwenye waleti yake, waleti ilikuwa Donholm, na Donholm mama alikuwa ameapa hatakanyaga tena. Walikuwa wametengana miaka miwili.

Ugomvi wao mkubwa baada ya kuachana ulikuwa ni pumu yangu itatibiwa wapi. Mama alitaka hospitali ile ya umma, ambako faili langu lilikuwa tangu nizaliwe. Baba alitaka daktari wa kampuni, mjini, aliyetibu watoto wa wafanyakazi bila wao kutoa shilingi. "Mtoto wangu apange foleni na daktari niko naye?" alikuwa akisema. Mama naye: "Baba Wanja, huyo daktari wako anamjua mtoto au anaijua kampuni?"

Kwa miaka mingi niliichukulia kama drama ya kwetu tu. Baadaye nikaanza kusoma historia ya sheria za watoto za nchi hii, nikaona kumbe wale wawili walikuwa wakirushiana maneno yaliyotungwa na watu waliokufa zamani. Kijitabu kilikuwa na historia yake. Kadi ilikuwa na yake.

Tuanze na baba, kwa sababu sheria ilianza na baba.

Shosho, mama yake baba, hakuwa na shida na swali la nani anaamua. Katika mila za Wagikuyu, ruracio ikishalipwa, watoto ni wa mbari ya baba yao. Mwanamke akizaa bila kuolewa, mtoto ni wa mbari ya baba wa huyo mwanamke. Shida ni kwamba ruracio ya mama ilikuwa imelipwa nusu. Shosho akitaniwa kuhusu hilo alijibu kwamba basi nusu yangu ni ya mwanawe, na nusu hiyo ndiyo yenye kifua.

Waingereza walikuja na sheria yao, na haikuwa ya kisasa kuliko ya shosho. Kwa sheria ya kale ya Uingereza, baba aliyeoa ndiye aliyekuwa mlezi halali wa watoto wake, na mama hakuwa na mamlaka yoyote juu yao. Ilichukua kelele za mwandishi Caroline Norton, aliyenyang'anywa wanawe watatu na mumewe, kabla Bunge la London kupitisha sheria ya 1839 iliyomruhusu mama kuomba mahakamani akae na mtoto wa chini ya miaka saba. Mwaka 1925 Uingereza ikaenda hatua nyingine: mahakama ikiamua jambo la mtoto, maslahi ya mtoto yatangulie haki ya baba na haki ya mama. Mfano huo ndio uliofuatwa na sheria ya ulezi wa watoto iliyotumika Kenya hadi mwanzo wa karne hii.

Lakini hiyo ilifaa watu walioweza kufika mahakamani, tena wenye ndoa inayoeleweka huko. Kwa mama asiyeolewa kulikuwa na sheria nyingine, ya mwaka 1959, iliyomwezesha kumshtaki baba wa mtoto ili atoe pesa za matunzo. Kenya ilipata uhuru ikiwa nayo. Wabunge wakaichukia. Walilalamika kwamba inawapa wasichana biashara, kwamba inawaharibia wanaume ndoa zao, kwamba ni ya kizungu. Juni 1969 wakaifuta. Grace Onyango akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya mwaka huohuo, lakini uchaguzi ulikuwa Desemba. Alifika mlangoni sheria ikiwa imeshazikwa.

Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, baba ambaye hakuoa angeweza kuondoka bila kudaiwa hata sindano moja. Na baba ambaye alitaka kubaki, kama wangu, alibaki kwa njia moja: kwa kulipa. Hapo ndipo kadi inapoingia.

NHIF ilianzishwa mwaka 1966. Ilikuwa bima ya kulazwa hospitali, na pesa zake zilikatwa kwenye mshahara. Sasa fikiria nani alikuwa na mshahara Nairobi ya 1966. Mke na watoto waliingia kama wategemezi wa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamume mwenye kazi ya kuajiriwa. Hakuna aliyekaa chini akaandika kwamba baba ndiye atakayeamua mtoto atibiwe wapi. Waliandika tu jina la mwanachama juu na majina ya wengine chini yake, na kazi ikaisha.

Halafu maisha yakapanda bei. Hospitali za serikali zilikuwa zikitibu bure tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Desemba 1989 serikali ikaanza kutoza ada, kile tulichokuja kukiita kugharamia pamoja. Ada zikasimamishwa kiasi 1990 baada ya watu kuacha kuja, zikarudishwa polepole kuanzia 1992. Kwa hivyo mimi nilizaliwa katikati ya mabadiliko hayo, na wazazi wangu waliachana wakati ambapo swali la "nani analipa" lilikuwa limeshafika hadi kwenye dirisha la karani. Baba aliposema "daktari niko naye," hakuwa anajigamba tu. Alikuwa anashika kamba ya mwisho iliyomfunga kwangu.

Sasa mama.

Kijitabu chake kilitoka mbali kuliko alivyojua. Katika miaka ya 1950 daktari Mwingereza, David Morley, alifanya kazi Imesi-Ile, kijiji cha magharibi mwa Nigeria. Watoto walikuwa wakifa kwa utapiamlo, surua na kuhara, na rekodi zao zilikuwa zimefungiwa kwenye makabati ya hospitali ambako hazikumsaidia mtu. Morley akatengeneza kadi yenye mchoro: mstari wa uzito unaopanda mwezi baada ya mwezi. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari wengi waliliona kama wazimu. Akampa mama kadi hiyo aende nayo nyumbani. Wakamwambia akina mama wataipoteza. Hawakuipoteza. Waliitunza kuliko hospitali zilivyotunza mafaili. Kadi za aina hiyo zikasambaa Afrika na Asia, na Kenya ilipoanzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo mwaka 1980, mama wa Kayole, Kisumu au Garissa alikuwa amebeba rekodi ya afya ya mtoto wake kwenye mkoba wake mwenyewe.

Ndiyo maana mama alipokirudishiwa kile kijitabu chini ya kioo alitetemeka kwa hasira. Kwake, ile ilikuwa hati ya miaka saba ya kuamka alfajiri, kupanga foleni, kuvua mtoto nguo, kupima, kuchanja, kuandikiwa tarehe ya kurudi. Kama kuna karatasi iliyothibitisha nani anamjua mtoto huyu, ni hiyo. Lakini kijitabu kilikuwa na upungufu mmoja: kilifuatilia mtoto hadi miaka mitano. Baada ya hapo kurasa ziliisha, na pumu yangu ilianza nikiwa na sita.

Kwa hivyo kulikuwa na faili moja hospitali ya umma, na faili jingine kwa daktari wa kampuni ambalo mama hakulijua. Kwa sababu, licha ya kuambiwa asinipeleke huko, baba alikuwa akinipeleka kila Jumamosi ya zamu yake. Na Jumamosi ile ya Novemba alinipeleka. Nikapewa vidonge vya theofilini. Nikameza kimoja jioni, kimoja Jumapili asubuhi, na kingine Jumapili jioni kabla hajanirudisha Kayole. Kwenye ngazi za ploti alinishika bega, akainama. "Usimwambie mama yako. Ataanza tena."

Sikumwambia.

Saa nane usiku, baada ya karani kukubali deposti iliyokopwa kwa yule jirani, sista alimuuliza mama nimetumia dawa gani. Mama akajibu kweli tupu aliyoijua: hakuna. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kitanda, nasikia kila neno. Nilijua jibu. Nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimeahidi. Wakanichoma aminofilini kwenye mshipa.

Dawa hizo mbili ni kitu kimoja kwa majina tofauti. Aminofilini ikiingia mwilini hugeuka kuwa theofilini, na theofilini ikizidi kidogo tu inakuwa sumu. Kwanza nilitapika. Kisha moyo ukakimbia hadi nikauona ukirukaruka chini ya fulana. Mikono ikatetemeka. Halafu sikumbuki. Mama anasema nilipata degedege, na kwamba daktari wa zamu aliuliza mara ya tatu, kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia, "Huyu mtoto amepewa nini?"

Nilipozinduka baba alikuwepo, shati limelowa mvua. Alikuwa amekuja na kadi. Alikuwa amekuja na pakiti ya vidonge pia, na hiyo ndiyo iliyosaidia. Mama alikaa upande wa pili wa kitanda na hawakuangaliana. Kwa siku nne hakuna aliyesema neno kuhusu hospitali gani ni bora.

Huwa nafikiria juu ya usiku huo ninaposoma jinsi sheria ilivyobadilika. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, mwaka niliozaliwa. Sheria ya Watoto ya 2001 ikaweka matibabu kuwa haki ya mtoto na jukumu la wazazi pamoja na serikali, lakini ikamwachia mama peke yake jukumu la kwanza pale wazazi hawakuoana. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ikafuata hapo. Ni ushindi mkubwa. Mwanamke wa 1969 angelia kuisoma.

Ila "sawa" haikuambii uelekee hospitali gani. Wazazi wasipoelewana kuna Mahakama ya Watoto, na mahakama itatazama maslahi ya mtoto. Saa nane usiku mahakama imefungwa. Karatasi nazo bado zinaendelea na siasa zao: NHIF ilipoanza kulipia matibabu ya kutolazwa mwaka 2015, mwanachama ndiye aliyechagua hospitali ya wategemezi wake. Tangu Oktoba 2024 tuna SHA, na mtoto bado huandikwa chini ya jina la mtu mzima fulani. Jina likishaandikwa, mzazi mwingine anaanza kuhisi kama mgeni.

Najua kwa sababu nina kijana wa miaka sita, na mimi na baba yake hatuishi pamoja. Naye ana pumu. Baba yake ana bima nzuri ya kazini na anataka hospitali ya kibinafsi yenye katuni ukutani. Mimi nataka kliniki ya kaunti, kwa sista anayemwita kwa jina. Tumebishana, tumenuniana, tumeitana majina kwenye WhatsApp. Hatujakubaliana hadi leo.

Lakini tulinunua daftari la kurasa 48, la shilingi chache, tukaliweka kwenye begi lake la shule. Dawa yoyote, ya hospitali yoyote, inaandikwa humo: jina, kipimo, saa. Kijana mwenyewe anajua kulitoa. Nilimwambia hakuna siri ya dawa, hata baba akisema, hata mimi nikisema.

Juzi usiku simu ililia. Ilikuwa zamu ya baba yake. Nilisikia ile filimbi nyuma ya sauti yake, na tumbo langu likakaza.

"Mama Kim, tuko njiani hospitali," alisema. Hakusema ipi, na mimi sikuuliza. "Daftari ninalo hapa. Hii ya saa kumi na mbili ulimpa, ama uliandika tu?"

"Nilimpa," nikasema. "Waambie nilimpa."