Kifaru cha Waya, Askari wa Risasi

Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 inapita Namuwongo, ikipakana na makazi ya mabati ya Soweto upande mmoja na eneo la viwanda upande wa pili. Katika mitaa kama hii, ambako waya, makopo na vyuma chakavu hupita mikononi mwa watu kila siku, mtoto anayetaka gari hulitengeneza mwenyewe. Waya mnene hukunjwa kuwa fremu, mwembamba hufunga viungo, magurudumu hukatwa kwenye kandambili kuukuu. Usukani huunganishwa na ekseli ya mbele kwa waya mrefu, dereva akaliendesha huku anatembea. Gari hilo likivikwa bati la kopo na kuwekewa mrija juu, tayari ni kifaru.

Ufundi huu una ukoo mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita, mkuu wa jimbo la Asyut huko Misri, Mesehti, alizikwa na vikosi viwili vya askari wa mbao: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40 wenye pinde. Wote wanapiga hatua kwa mguu wa kushoto, na kila ngao ina madoa yake. Vikosi hivyo vilihifadhiwa kwa miaka mingi katika jumba la makumbusho la Cairo. Hao Wanubi ni miongoni mwa askari wa Kiafrika wa kale kabisa waliochongwa na kupakwa rangi kwa kipimo kidogo, na wanatoka kwenye mto uleule unaoanza safari yake Jinja.

Ulaya ilichelewa, ila ilipoanza ilikuja na fedha za wafalme. Kuanzia mwaka 1668 Louis wa 14 wa Ufaransa aliagiza miji yake yenye ngome itengenezwe kwa kipimo cha 1/600, ukuta kwa ukuta, ili majenerali wapange vita mezani. Mwaka 1838 ofisa wa jeshi la Uingereza William Siborne alionyesha London uwanja wa vita wa Waterloo wenye makumi ya maelfu ya askari wadogo, kazi iliyomla miaka na akiba yake. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ikagundua namna ya kumimina madini ya risasi yaliyoyeyuka ili askari abaki wazi ndani. Bei ikashuka, na majeshi ya dola ya Waingereza yakaingia madukani ndani ya maboksi mekundu. King's African Rifles, ile Keya ya babu zetu, nayo ikapata boksi lake. Hivyo mtoto wa London aliweza kumpanga askari wa Afrika Mashariki kwenye zulia la nyumbani kwao wakati askari mwenyewe hajui kama kuna kitu kama hicho.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki ilichukua nafasi ya risasi. Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza katika miaka ya 1950, Tamiya ya Japani ikaingia na vifaru mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kipimo cha 1/35 kikawa lugha ya pamoja ya mafundi wa vifaru duniani. Mmarekani Shepard Paine ndiye aliyewafundisha wengi, katika miaka ya 1970, kwamba kifaru peke yake hakitoshi: kiwekwe barabarani, penye matope, na mtu anayefanya jambo.

Tangu hapo vita vya kwetu vimekuwa vikijengwa mbali na kwetu. Meli ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, ilikuwa na urefu wa mita 115. Kwa kipimo cha 1/350 inaenea kwenye rafu ya sentimita 33. Mzinga wake mmoja halisi uko Fort Jesus, Mombasa, na fundi anaweza kuupima kwa mkono wake.

Entebbe nayo imejengwa mara nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 ndege nne za C-130 Hercules za Israeli zilitua huko kuwaokoa mateka, na kutoka ya kwanza lilishuka Mercedes jeusi lililofananishwa na gari la Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo. Hata operesheni yenyewe ilitanguliwa na mfano: Waisraeli walisimamisha nakala ya sehemu ya jengo la abiria, wakisaidiwa na watu walioshiriki kulijenga lile halisi. Kwa kipimo cha 1/72 mabawa ya Hercules yana upana wa sentimita 56, yaani karibu meza nzima. Mateka 102 waliokolewa. Lakini askari wa Uganda wapatao 45 walikufa usiku ule, na Dora Bloch, mateka wa miaka 74 aliyekuwa amelazwa Mulago, alitolewa hospitalini akauawa. Meza yenye ndege na Mercedes tu inasimulia nusu ya habari.

Vita vinavyostahili meza kuliko vyote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni vya Lukaya, katika vita vya Tanzania na Uganda ya Amin. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ya Tanzania, iliyojaa wanamgambo wasiozoea vita, ilipigwa na roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikatawanyika gizani. Alfajiri Brigedi ya 208 ikazunguka kutoka kaskazini-magharibi na kuwashambulia Walibya na askari wa Amin ubavuni. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilianguka. Mandhari yake inamfaa fundi wa diorama, yaani mandhari ndogo ya mezani: barabara moja iliyoinuka kati ya vinamasi, vifaru visivyo na pa kugeukia, na mafunjo pande zote.

Vifaa vipo hapahapa. Funjo la mita nne ni sentimita 11 kwa kipimo cha 1/35, na hupatikana kwa kuchana nyuzi za migomba iliyokauka na kuzitawanya kichwani kama nywele. Vumbi jekundu la barabarani huchekechwa kwa kitambaa, likashikwa na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji; hakuna kopo la dukani linaloifikia rangi ya udongo wa Buganda. Kifaru hupakwa kijani kilichokolea kwanza, kisha brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa na kijani hafifu kwenye kingo, chuma kionekane kimechakaa kwa jua na safari.

Uso wa askari unahitaji uangalifu zaidi. Kwa miaka mingi kopo lililoandikwa rangi ya ngozi lilikuwa la waridi, ngozi ya Mzungu. Anayempaka rangi askari wa Keya au wa Tanzania aanze na kahawia yenye wekundu, aongeze giza chini ya kofia na shingoni, kisha mwanga kidogo kwenye mashavu na pua. Nyeusi tupu huua uso wote.

Ujuzi wa mikono upo Kampala. Huko Wakaliga, upande wa pili wa jiji, Dauda Bisaso aliunda bunduki na helikopta ya kuigizia kutoka vyuma chakavu kwa ajili ya filamu za Isaac Nabwana, ikiwemo Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, na dunia ikazitazama. Kinachokosekana ni kuunganisha mikono hiyo na kumbukumbu.

Waliopigana Lukaya wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wana zaidi ya 60. Wao ndio wanaojua kifaru kilisimama wapi na mtu gani alikimbilia upande upi. Makumbusho ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia Kira Road mwaka 1954, iwaite wakae meza moja na mafundi wa waya na bati wa Namuwongo na Katwe, na iyapokee magari ya waya ya watoto kabla hayajauzwa kwa kilo. Na wewe msomaji, ukiwa na picha ya mwaka 1979 ndani ya sanduku la mzee wako, andika nyuma yake jina la mahali na tarehe leo hii, kisha uipeleke Makumbusho.