Devadasu: kwa nini Watelugu bado wanamlilia kijana wa mwaka 1953?

Wengi wetu tukisema "filamu ya Kihindi" tunamaanisha picha yoyote iliyotoka India. Lakini Kihindi ni lugha moja tu kati ya nyingi za nchi hiyo. Kusini-mashariki, katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, watu huzungumza Kitelugu. Ni lugha ya watu zaidi ya milioni 80, na ina sinema yake yenyewe. Filamu ya RRR ya mwaka 2022, ambayo wimbo wake wa Naatu Naatu ulipata tuzo ya Oscar, ni ya Kitelugu, si ya Kihindi.

Miongoni mwa filamu za zamani za lugha hiyo, ipo moja ambayo jina lake limekuwa neno la kawaida. Kijana akiachwa na mchumba, akafuga ndevu na kukaa pembeni kama mgonjwa, Watelugu humwita Devadasu. Jina hilo linatokana na kisa ambacho baadhi yenu mmekiona kwa sura nyingine: Devdas, ile filamu ya Kihindi ya mwaka 2002 ya Shah Rukh Khan na Aishwarya Rai. Zote mbili zina asili moja, riwaya ya mwandishi wa Kibengali, Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917.

Kisa chenyewe ni hiki. Devadasu ni mtoto wa kabaila mwenye ardhi kubwa. Parvati ni binti wa jirani asiye na mali. Wanakua pamoja, wanacheza na kugombana pamoja, mpaka kijana anapelekwa mjini kusoma. Anaporudi wote wawili wamekuwa watu wazima, na urafiki wa utotoni umegeuka mapenzi. Baba anakataa katakata mwanawe kuoa katika nyumba ya chini. Baba wa Parvati naye, kwa hasira na kwa kulinda heshima yake, anamwoza binti yake kwa kabaila mwingine, mjane mtu mzima mwenye watoto wakubwa.

Hapa kuna jambo litakalowashangaza wasikilizaji wetu. Katika riwaya, sababu mojawapo ya ukoo wa Parvati kudharauliwa ni kwamba kwao ilikuwa desturi kupokea fedha wanapooza mabinti. Huku kwetu mzazi anayepokea mahari hatazamwi vibaya na mtu. Kwa matajiri wale, hiyo ilikuwa dalili ya unyonge.

Devadasu anabaki na majuto. Rafiki yake anampeleka kwa Chandramukhi, mcheza ngoma anayetembelewa na wanaume wenye fedha. Mwanamke huyo anampenda kwa dhati, lakini yeye anaipenda chupa. Afya inapokwisha anakumbuka ahadi aliyompa Parvati, kwamba atamwona kabla hajafa. Anasafiri hadi kwake na kukata roho mlangoni.

Wengi huieleza filamu hii kama kisa cha pombe. Sisi tunaona pombe inakuja nyuma. Kosa lilishatendeka kabla ya chupa ya kwanza. Katika riwaya, Parvati anavunja kila mwiko na kumfuata kijana chumbani usiku, amwambie wazi kwamba anamtaka. Jibu la mwanamume ni kuwaogopa wazazi. Anakimbilia Calcutta, na huko anamwandikia barua ya kumkana. Akishaituma anajuta, lakini anaporudi, binti amekwisha kuumia na hamtaki tena. Msichana asiye na fedha alikuwa na ujasiri ambao mtoto wa tajiri hakuwa nao. Kinachofuata ni mtu kujiadhibu kwa woga wake.

Filamu ya Kitelugu iliongozwa na Vedantam Raghavayya na kutolewa Juni 1953. Ilitengenezwa Madras, mji ambao sasa unaitwa Chennai, na ikapigwa pia kwa Kitamil. Picha ni nyeusi na nyeupe, na urefu wake ni kama saa 3, kwa hiyo mwenye bando dogo aanze na nyimbo kwanza.

Aliyeigiza Devadasu ni Akkineni Nageswara Rao. Kabla ya hapo watu walimzoea katika filamu za ngano, na wapo waliotilia shaka kama ataliweza jukumu zito hivi. Inasimuliwa kuwa ili aonekane mlevi bila kulewa, alikula wali mwingi wenye mtindi na kuigiza usiku, macho yakiwa mazito kwa usingizi. Akiwa na shali begani na mbwa pembeni, anaonekana akiimba Jagame Maya, wimbo unaosema ulimwengu ni kiini macho tu. Sauti tunayoisikia si yake, ni ya Ghantasala, kwani katika sinema ya India mwigizaji hufungua kinywa na mwimbaji mwingine ndiye anayeimba. Mtunzi wa muziki, C. R. Subburaman, hakuiona filamu ikitoka. Alifariki mwaka 1952 akiwa bado hajafikisha miaka 30, na kazi iliyobaki ikamaliziwa na wasaidizi wake, Viswanathan na Ramamoorthy.

Parvati aliigizwa na Savitri, ambaye hakuwa hata na miaka 20. Miaka michache nyuma alikuwa akipewa vipande vidogo vya kucheza ngoma. Filamu hii ilimpandisha, akawa nyota mkubwa kwa Kitelugu na Kitamil, na mwaka 1968 akaongoza filamu yake mwenyewe, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke. Baadaye ndoa yake na mwigizaji Gemini Ganesan iliharibika, mali ikapotea, na pombe ikamshika yeye, si katika picha bali katika maisha. Alipoteza fahamu kwa muda mrefu hospitalini na kufariki Desemba 1981. Mashabiki wanaotazama tena Devadasu leo hawawezi kuliondoa hilo akilini pale Parvati anapomsihi mpenzi wake aache kunywa.

Mwaka 1974 kisa hicho kilirudiwa kwa Kitelugu, safari hii kwa rangi, kikiongozwa na mwanamke, Vijaya Nirmala. Watu hawakukipokea, walitaka kile cha zamani. Mwaka 2018 ikatoka Mahanati, filamu ya maisha ya Savitri, ambayo ilimpatia Keerthy Suresh tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike nchini India. Humo Nageswara Rao anaonekana pia kama kijana. Anayemwigiza ni mjukuu wake, Naga Chaitanya.