Maneno ya ziwani nayo yafike barazani

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa darasa la nne, huku huku mwambao wa Ziwa Nyasa, niliandika neno "usipa" katika insha. Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu: andika dagaa. Nikaandika. Lakini mvuvi yeyote, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli, anajua kuwa usipa ni samaki wa ziwa letu. Si dagaa wa Kigoma wala wa Mwanza. Je, nani huamua lipi ni Kiswahili?

Wahispania wana akademia ya lugha yao tangu 1713. Sisi tulianza na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa. Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na kamusi yenye jina lake ikatoka 1939. Wajumbe wa mwanzo walikuwa maofisa na wamisionari wa Kizungu. Wenye lugha walikaa nje ya mlango.

Baada ya Uhuru mlango ukafunguliwa. Mwaka 1964 kazi ya kamati ilirithiwa na taasisi ya uchunguzi Dar es Salaam, ambayo sisi tuliizoea kwa jina la TUKI. Ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 1967 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo lilitoa Kamusi Kuu mwaka 2015.

Na Kiswahili hiki hakikujengwa na pwani peke yake. Ikulu ni neno la Unyamwezi. Ngeli tumeipata Uhaya. Basi Mbinga nayo ina cha kutoa. Mmatengo analima ngoro: mashimo yaliyopangwa mteremkoni, nyasi zikafukiwa kwenye kingo, maji yakatulia, udongo usiporomoke. Ukiita "shimo" tu, umepoteza ujuzi wa mababu.

Simlaumu mwalimu wangu, alifundisha alichopewa. Lakini baraza haliwezi kusikia neno ambalo hakuna aliyelipeleka. Walimu, wavuvi, wakulima, tuandike maneno yetu na maana zake, tuyatume. Mtoto wa Liuli akiandika usipa, asikatwe tena.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.