Majira (hisabati), thibitisha na hakiki

Majira: nomino, ngeli ya ya-ya. Kwa wengi neno hili lenye asili ya Kiarabu ni kipindi cha mwaka, kama majira ya mvua. Kamusi za zamani hutaja pia njia ya chombo baharini, maana inayoistahili pwani ya Mtwara. Katika hisabati ya shule ya msingi, majira ya nukta ni jozi ya namba, mfano (2, 4), inayoonyesha nukta ilipo.

Mwanafunzi wa Mtwara akifika sekondari hufundishwa hisabati kwa Kiingereza, na anaporudi kwenye Kiswahili huchanganya thibitisha na hakiki. Tuseme swali lataka athibitishe kwamba mstari unaounga nukta za katikati za AC na BC katika pembetatu ABC ni sambamba na AB. Akichukua A(0, 0), B(6, 0) na C(2, 4), amehakiki pembetatu moja tu. Akiandika B(2b, 0) na C(2c, 2d), nukta hizo huwa (c, d) na (b + c, d); thamani ya y ni ileile, naye amethibitisha kwa pembetatu zote.

Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati kila swali lina alama 7. Uthibitisho kamili wa majira hupata zote, sawa na ule wa kijiometri. Hesabu iliyoachwa njiani kwa kawaida huambulia kidogo au sifuri, isipokuwa mtahiniwa ameeleza maana ya tokeo lake katika umbo. Mfasiri anayeandika hakiki mahali pa thibitisha humwelekeza mtahiniwa kwenye B(6, 0).