Ukosefu wa ajira: Kwa nini Ulaya na Tanzania hazilingani

MWAKA 2013 ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 25 nchini Ugiriki, na ulikuwa takriban asilimia tano Ujerumani. Nchi hizo hulinganishwa kwa kuwa Umoja wa Ulaya una kipimo kimoja: asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya kazi hata saa moja katika wiki ya utafiti, ametafuta kazi ndani ya wiki nne, na yuko tayari kuianza katika wiki mbili.

Tanzania ilipata asilimia 11.7 mwaka 2006 na 10.3 mwaka 2014. Hata hivyo, tafsiri yake ya kitaifa humhesabu pia aliye tayari kufanya kazi bila kuitafuta, na mwenye kibarua kisicho cha uhakika.

Kwa hiyo tarakimu ndogo si ushahidi wa neema. Asiye na akiba hawezi kukaa akisubiri kazi. Hulima au huchuuza samaki. Mkulima wa Bujora, mkoani Mwanza, anayelima chakula cha nyumbani tu, alihesabiwa kuwa na ajira hadi wanatakwimu wa kazi walipopitisha tafsiri mpya mjini Geneva mwaka 2013. Tafsiri ilibadilika, kipato chake hakikubadilika.