Entebbe: Gofu Isiyo na Msimu

Kule Scotland, gofu ilikokulia, jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mchezaji akichelewa shimo la kumi na nane hulikuta gizani. Entebbe haina shida hiyo. Mji uko kilomita chache tu kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo Julai kama Desemba mchana ni saa kumi na mbili, joto la adhuhuri huzunguka nyuzi 26, na nyasi zinazoteremka kuelekea Ziwa Victoria hazikauki. Klabu ya gofu ya hapo ilianzishwa mwaka 1901, na wenyewe hujivuna kuwa ndiyo kongwe Afrika Mashariki.

Waingereza hawakufuata gofu. Mwaka 1893 mjumbe wao, Sir Gerald Portal, aliichagua rasi hii iwe makao ya serikali, akaiita Port Alice kwa jina la mkewe. Jina halikushika, makao yakabaki. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu, mwishoni mwa 1901. Kabla ya hapo shehena nyingi za serikali zilipanda bara vichwani mwa wapagazi. Hivyo ndivyo maofisa wachache walivyojipatia klabu kabla njia ya kuwaletea mizigo haijatengemaa.

Mwaka huohuo wa 1901, ndugu wawili madaktari wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa wa ajabu: homa, kukonda, kisha usingizi usiokwisha. Yalikuwa malale. Kufikia 1905 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwenye mwambao wa Busoga, Buganda na visiwani. Entebbe yenyewe ikawa mahali pa utafiti: huko ndiko Aldo Castellani alikokiona kijidudu cha ugonjwa katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akamtaja mbung'o kuwa ndiye mwenezaji.

Mbung'o wa ziwani anapenda kivuli cha vichaka vilivyo karibu na maji. Gavana Hesketh Bell, aliyefika mwaka 1906, aliamuru vichaka vifyekwe kwenye mialo, na watu wa mwambao wahamishwe umbali wa takriban maili 2 kutoka majini. Visiwa vya Ssese navyo vikaachwa vitupu. Winston Churchill alipopita Entebbe mwaka 1907 alikuta mji wa bustani na maua, na nyuma yake nchi inayozika. Mimi siwezi kuzitazama picha za nyasi zile zilizokatwa vizuri bila kufikiri kwamba uwazi ule, ambao kwa mchezaji ni mandhari, ndio uliokuwa kinga. Mvuvi aliyeamriwa kuacha pwani yake hakupewa mandhari wala kinga, alipewa safari.

Wakati wa ukoloni Mzungu alicheza na Mwafrika akabeba mfuko wa fimbo. Kubeba huko kulikuwa shule ya namna yake, kwani Uganda, kama Kenya, imepata wachezaji wengi wa kulipwa waliotoka miongoni mwa makedi. Baada ya uhuru wa 1962 mji mkuu ulikuwa Kampala, lakini Ikulu ya Entebbe haikufungwa, wala uwanja wa ndege, wala wa gofu.

Anayedhani kucheza mwaka mzima ni kucheza kila saa hajalijua ziwa. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yakapanda, na mara nyingi radi huanza alfajiri. Februari 1952 Elizabeth, aliyekuwa amepata habari akiwa Kenya kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia, alizuiwa Entebbe na dhoruba kabla ndege yake haijaruka kwenda London. Mchezaji mwenye fimbo ya chuma mkononi ana sababu nzuri zaidi ya kungoja.

Ziwa nalo hupanda. Mvua kubwa za 1961 zililiinua kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja, na fukwe za Entebbe zikamezwa. Kwenye gofu hasara ya wiki zile ilitoka kwingine: michezo ilikuwa imesimamishwa nchini kote kwa sababu ya korona.