Mkesha wa Waliotangulia

Halloween ya tarehe 31 Oktoba si ngeni kama tudhaniavyo. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kanisa ya tarehe 1 Novemba. Kesho yake ni siku ya Marehemu Wote, iliyowekwa na Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, karibu na mwaka 1000. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland waliupeleka mkesha huo Marekani, nako ukawa mchezo wa watoto wa vinyago na maboga.

Kwetu Mbulu na Hanang, Wairaqw walizijua roho za waliokufa, gi'i, kabla misheni hazijafika.

Wajukuu wangu walipokuja kutoka Marekani walitaka kuchonga boga. "Babu, tuwatishe majirani!" Nikawaruhusu. Ila kabla ya kuwasha mshumaa niliwauliza majina ya wazazi wangu. Kimya. Walijua kuigiza wafu, wala wafu wao hawakuwajua. Kwa umri wangu, ninachoogopa ni kusahauliwa tu. Basi nikawatajia wazee wetu mmoja mmoja, vizazi vitano, nao wakarudia hadi usingizi ukawachukua.